Mkataba wa karafuu ulingane na umri wa mkarafuu

Viwanda vya vyakula na vinywaji vya Ulaya, Asia na Marekani siku hizi vinasema kwa sauti moja kwamba vinataka malighafi ambayo asili yake inajulikana na ambayo haitakatika. Kiwanda cha biskuti, cha mchuzi wa chupa au cha viungo vya chai hakitaki kusimamisha mashine kwa sababu mvua ilizidi Pemba au wachumaji hawakutosha. Matakwa hayo ni ya haki. Lakini yafaa nasi tuulize: huo uhakika unaotakiwa kiwandani, shambani unalipiwa na nani?

Swali hilo latuhusu sisi wa Visiwani kuliko wengi, kwani uchumi wetu ulijengwa juu ya kiungo kimoja. Karafuu si zao la msimu mmoja kama mahindi. Mche unaopandwa leo hauanzi kuzaa ila baada ya miaka sita hadi minane, na wafikia nguvu zake kamili baadaye sana. Ukitunzwa, mkulima aliyeupanda atakufa auache, na wajukuu wake wauchume. Ilhali mnunuzi wa ng'ambo huagiza kwa shehena, na bei hubadilika msimu hata msimu. Mkulima anatakiwa kuifunga ardhi yake kwa muda wa vizazi viwili, na mnunuzi hajifungi zaidi ya safari moja ya meli. Hapo ndipo mnyororo unapokatika, na hakuna cheti wala muhuri utakaouunga.

Historia yetu yatosha kuwa ushahidi. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo wa zao hili. Hilo lilikuwa pigo la maumbile. Pigo lililofuata lilitokana na biashara. Katika miaka ya 1970 mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako viwanda vya sigara za kretek hutumia karafuu kwa wingi usio kifani. Nchi hiyo ilipanda mikarafuu yake kwa juhudi, na ilipojitosheleza katika miaka ya 1980, bei ya dunia ilianguka nasi tukaanguka nayo.

Wengi husimulia anguko hilo kana kwamba lilitoka nje peke yake. La hasha. Katika miaka ya neema, mkulima alikuwa akipata sehemu ndogo tu ya bei iliyolipwa ng'ambo. Hakuwa na akiba ya kupanda miche mipya wala ya kuipalilia ile mizee. Bei ilipoporomoka, mashamba mengi yaliachwa yakamea vichaka, na karafuu nyingine zikavuka bahari kwa magendo. Umri wa mti haukuingia katika hesabu ya mtu yeyote, si mnunuzi, si dola, wala si mkulima mwenyewe.

Katika miaka ya 2010 yalifanyika mageuzi ya kupongezwa. Mkulima aliahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na miche iligawiwa bure. Hatuna budi kuyasifu hayo. Hata hivyo, asilimia 80 ya bei iliyoanguka nayo ni bei iliyoanguka. Serikali yaweza kugawana na mkulima kile kilichopatikana, lakini haiwezi peke yake kumhakikishia kwamba mti anaoupanda mwaka huu utakuwa na mnunuzi utakapozaa.

Kwa hiyo twasema kwamba kiwanda kinachotaka karafuu za kudumu kitie saini mkataba wa kudumu. Mkataba wa miaka kumi ndio unaolingana na mche wa leo. Uwe na kiasi maalumu kitakachonunuliwa kila mwaka, na uwe na bei ya chini ambayo haitavukwa hata soko likianguka. Tena, sehemu ya malipo itengwe kwa ajili ya miche, palizi na kuondoa miti iliyougua, na hesabu yake isomwe hadharani mbele ya wakulima.

Watakuwapo wa kusema kwamba hakuna mfanyabiashara atakayejifunga hivyo, kwa kuwa bei ya dunia haina mwenyewe. Tunawaomba waitazame Madagaska. Vanila ya kisiwa hicho ilipita dola 500 kwa kilo katika mwaka 2018. Wezi waliingia mashambani, wakulima wakachuma maganda mabichi kabla hayajaibwa, ubora ukashuka, na wanunuzi wakazidi kukimbilia vanila ya maabara. Kisha bei ikaporomoka. Hakuna aliyepata faida ya kudumu katika mchezo ule, si mkulima wala si kiwanda. Bei isiyo na kiasi humwumiza mnunuzi kama inavyomwumiza muuzaji, na mkataba mrefu ni kinga ya wote wawili.

Nasi tuna wajibu wetu, wala tusijifiche nyuma ya makosa ya wengine. Mnunuzi anayejifunga miaka kumi ana haki ya kupata karafuu safi. Karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, penye vumbi na mifugo, au zilizotiwa guniani kabla hazijakauka, hulivunjia heshima jina la Zanzibar kuliko mshindani yeyote. Kipimo kinachojulikana katika biashara hii ni unyevu usiozidi asilimia 12. Majamvi na sakafu za kuanikia si anasa, ni sehemu ya kiwanda.

Vilevile shamba linalokodishwa kwa msimu mmoja humpa mkodi sababu ya kuvuna kila kitu na kutojali kesho. Tawi huvunjwa ili kuokoa muda, na kwenye jeraha lile huingia ugonjwa unaokausha mti kuanzia matawini. Anayekodi naye apewe muda mrefu, na awajibishwe kwa kila mti alioukuta umesimama.

Kisha kuna mchumaji. Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, juu ya matawi membamba, naye hulipwa kwa pishi. Anayeanguka huweza kuvunjika kiuno au kupoteza maisha, na jamaa zake hubaki na gharama. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu wetu achumia juani, na kivuli wakaa wengine. Mkataba wowote usiotaja ngazi imara, matibabu na fidia kwa wachumaji, na usiokataza watoto kupandishwa mitini, hatuwezi kuuita wa kudumu wala wa haki.

Mwisho, tusiuze ghafi kile tunachoweza kukitengeneza. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kimekwisha kuonyesha njia. Makonyo, ambayo mtu angeweza kuyaona kuwa takataka, yana mafuta ya kiasi cha asilimia 5 hadi 6, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli inayotakiwa na watengenezaji wa ladha na wa dawa za meno. Tahadhari yetu ni moja: majani nayo yana mafuta, lakini kuukwanyua mti uliosimama kwa ajili ya majani ni kula mtaji. Mafuta yatokane na makonyo na majani yaliyoanguka, na kuni za kuchemshia zipandwe kwanza kabla ya kukatwa.

Tunazishauri mamlaka zinazohusika kwamba, kabla ya kuingia msimu mwingine, ziwaite wanunuzi wakubwa na wawakilishi wa wakulima na wa wachumaji wakae meza moja. Mnunuzi atakayekuja na sifa za maneno tu aulizwe miaka mingapi yuko tayari kuandika. Mkulima wa Wete au Mkoani anayechimba shimo la mche leo amekwisha kuandika minane ya kwake ardhini, kabla hajapata hata senti moja.