Wikipedia ya Kiswahili Inahitaji Ugomvi Zaidi

Kila ninapowaambia watu kwamba ninahariri Wikipedia ya Kiswahili, swali la kwanza huwa lilelile: "Sasa mtu akiandika matusi mle ndani, mnafanyaje?" Tunayafuta. Kisha swali hurudi kwa sura nyingine: kama yeyote anaweza kuingia na kuandika atakalo, kitu hicho kinaaminikaje? Nimechoka kulijibu kwa upole. Linamwogopa mtu asiyestahili kuogopwa, na linampita yule anayetubomolea nyumba.

Tuanze na mwenye matusi. Kila ukurasa wa Wikipedia una sehemu iitwayo historia. Humo limehifadhiwa kila badiliko tangu ukurasa ulipoanzishwa: limefanywa lini, na nani, neno gani limetolewa na lipi limewekwa. Mvulana wa sekondari akifuta makala ya Mlima Kilimanjaro na kuandika jina la mchumba wake, nakala ya kabla yake haijaenda popote. Anayefuatilia orodha ya mabadiliko ya karibuni analiona, anabonyeza "tengua", na mlima unarudi mahali pake. Katika Wikipedia ya Kiingereza, tangu mwaka 2010 kuna programu iitwayo ClueBot NG inayoifanya kazi hiyo yenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lipo. Mwenye matusi akizidi kurudia, wakabidhi, kama tunavyowaita wasimamizi wa Wikipedia yetu, humfungia. Basi, yamekwisha.

Sasa tumtazame mwingine. Mwezi Mei 2005 mtu mmoja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza makala fupi kuhusu John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani. Haikuwa na tusi hata moja. Ilieleza kwa lugha safi kwamba bwana huyo aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya John F. Kennedy na ya mdogo wake, Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Hata hivyo uongo huo ulikaa pale takriban miezi minne, kwa sababu uliandikwa kama makala nyingine zote. Tusi hujitangaza lenyewe, lakini sentensi iliyonyooka yenye uongo ndani humhitaji msomaji anayejua jambo na aliye tayari kusema, "Hapana, ndugu yangu, hii umeitoa wapi?"

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba makala nyingi za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Uskoti iliyo jirani sana na Kiingereza, zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa akichukua makala ya Kiingereza, anabadilisha tahajia, anachomeka neno mojamoja kutoka kwenye kamusi, kisha anahamia nyingine, na makala zikafika maelfu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliamini anaisaidia lugha. Miaka ilipita bila kuwapo watu wa kutosha wa kumsimamisha, na wakati huo wasomaji wa nje waliofungua kurasa zile walidhani Kiskoti ni Kiingereza kilichoandikwa vibaya. Hakuna mtukanaji aliyewahi kuidhalilisha lugha hiyo kwa kiasi hicho.

Nasi tusicheke. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na zawadi zikiwemo kompyuta. Makala ziliongezeka kwa haraka. Shindano lilipokwisha mwanzoni mwa mwaka 2010, wengi wa waandishi wale wakaondoka nalo. Sikulaumu kushindana, nalaumu kuhesabu. Ukimlipa mtu kwa idadi ya kurasa, atakuletea kurasa. Nani atazisoma, hilo halipo kwenye masharti.

Leo hata zawadi haihitajiki. Mtu anachukua makala ya Kiingereza, anaitumbukiza kwenye mashine ya tafsiri, anabandika kinachotoka, na anahamia nyingine. Nimesoma makala za miji midogo ya Marekani zinazosema mji fulani ni "kiti cha kaunti". Kaunti haina kiti. Ina makao makuu. Nimesoma kuhusu korongo anayenyanyua kontena bandarini, maana mashine haikujua kwamba Kiingereza kina neno moja la ndege yule mwenye miguu mirefu na la winchi. Aliyebandika hakutukana mtu, na ukimuuliza atakwambia anakuza Kiswahili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana nasema, na najua litawaudhi baadhi ya wenzangu, kwamba tatizo la Wikipedia ya Kiswahili ni uchache wa ugomvi. Fungua ukurasa wa majadiliano wa makala nyingi uone. Ni mtupu. Hakuna aliyeuliza chanzo wala aliyekataa neno. Sisi wenyewe mitaani tunabishana usiku kucha kama ni kompyuta au tarakilishi, na katika semina zetu za uzamili tunarushiana vitabu juu ya asili ya Kiswahili: ni lugha ya Kibantu iliyokopa Kiarabu, au ni mchanganyiko uliozaliwa pwani? Mabishano hayo yote yanaishia ukumbini. Kwenye ukurasa ambao dunia nzima inaweza kuusoma, tunanyamaza.

Ugomvi ukiwekewa taratibu hujenga. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayomzuia mhariri kutengua ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Ukifika hapo, acha kubonyeza, nenda kwenye majadiliano ukaeleze. Wahariri wake waligombana kwa muda mrefu kuhusu mji mmoja wa Poland: uitwe Gdańsk kwa Kipolandi au Danzig kwa Kijerumani? Kila upande ulikuwa unafuta jina la mwenzake. Mwaka 2005 wakapiga kura wakaafikiana kufuata nyakati: kwa habari za mwaka 1308 hadi 1945 litumike Danzig, na kwa nyakati nyingine Gdańsk. Msomaji wa leo anapata jina linalolingana na wakati wa tukio kwa sababu kuna watu walikataa kunyamaza.

Sisi nasi tuna Gdańsk zetu. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watu walibishana: ni Mtanzania, Mzanzibari, au Mwingereza? Anayeandika kwa haraka ataweka "mwandishi kutoka Tanzania" na kulala. Lakini Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, wakati visiwa vikiwa usultani chini ya ulinzi wa Uingereza, na Muungano ulikuja Aprili 1964. Kwa hiyo alizaliwa nchi gani? Na aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya Wajerumani, na wa mwaka 1930, enzi ya Tanganyika, tunawaandikaje? Haya hayamalizwi kwa kutengua kimyakimya. Yanahitaji watu wawili wenye vitabu mkononi, wakasirishane kidogo, kisha waweke kanuni ambayo wa tatu ataikuta. Wagombanao ndio wapatanao.

Kuna atakayesema ugomvi huishia kwa mwenye nguvu. Ni kweli. Katika Wikipedia ya Kikroatia kundi dogo la wasimamizi wenye uzalendo mkali liliishika mamlaka, likawafungia waliowapinga na kupunguza uzito wa uhalifu wa utawala wa Ustaše wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaambia wanafunzi wasiitumie. Ila tazama vizuri kilichotokea: waliovamia ni watu wenye funguo. Walilitumia neno "uharibifu" kumpachika kila aliyewapinga. Hapo ndipo nawageukia wakabidhi na wahariri wakongwe wote. Mtu aliyeandika tusi ni mharibifu. Mtu aliyebadilisha tarehe bila chanzo ni mgeni asiyejua utaratibu, na anadai jambo moja tu kutoka kwetu, sentensi ya maelezo. Ukimtengua bila neno umelinda makala moja na kumpoteza mtu ambaye angelinda mia. Lugha yenye wahariri wengi inaweza kumudu hasara hiyo; sisi hatuwezi.

Wengine wanataka mlango ufungwe: aandike aliyejisajili tu, au aandike msomi tu. La kwanza limejaribiwa. Wikipedia ya Kireno iliwazuia wasiojisajili kuhariri mwaka 2020. Kwao pengine linafaa, kwa kuwa wana umati wa wahariri. Kwetu wapita njia ndio akiba yetu: muuguzi aliyekuta kosa kwenye makala ya malaria, mvuvi aliyeona jina la samaki si lile la Kilwa. La pili nalo limejaribiwa, tena kabla ya Wikipedia yenyewe. Nupedia ilianzishwa mwaka 2000 ikiandikwa na kupitiwa na wataalamu kwa hatua nyingi. Hadi inafungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika thelathini. Wikipedia ilianza Januari 2001 kama jaribio la pembeni, ikaimeza.

Nimewataja wasomi, basi niwaseme wazi. Mhadhiri wetu mmoja huchora msitari mwekundu juu ya kila tanbihi yenye neno Wikipedia. Kwa hilo ana haki. Kamusi elezo yoyote ni mahali pa kuanzia, si chanzo cha tasnifu. Kinachonichoma ni kwamba anaishia hapo. Anajua makala ya taaluma yake kwa Kiswahili ina makosa, anawacheka wanaoinukuu, na hajawahi kurekebisha hata nukta. Tasnifu zetu zinarundikana maktabani, zikiwa na majina ya vyanzo ambavyo wahariri wanavililia. Chanzo kisipoonekana, mtu haonekani. Mwaka 2018 rasimu ya makala ya Kiingereza kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha kuonyesha umuhimu wake. Miezi michache baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kama hilo lilimpata profesa wa Kanada, malenga wa Pemba atasalimikaje?

Wala jambo hili si la wahariri peke yao. Programu za lugha zinazojibu maswali kwenye simu zetu zimefunzwa kwa maandishi ya intaneti, na Wikipedia ni sehemu ya chakula chake. Kwa Kiingereza hicho ni kijiko kimoja katika sufuria kubwa. Kwa lugha yenye maandishi machache mtandaoni, kijiko hicho ni kikubwa. Kiti cha kaunti kikiachwa leo, kesho mashine itamfundisha mtoto wa Morogoro kwamba ndivyo Kiswahili kinavyosema, na keshokutwa mtu atachukua jibu la mashine na kulibandika Wikipedia kama makala mpya. Hapo hakutakuwa na wa kumtengua, kwa kuwa historia itaonyesha kosa juu ya kosa.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Waandaaji wa mashindano waache kutoa zawadi kwa idadi. Wamlipe aliyesahihisha makala kumi kuliko aliyebandika elfu. Wahariri wakongwe wasitengue kazi ya mtu mwenye nia njema bila kuandika sababu kwa Kiswahili anachokielewa. Na idara za Kiswahili, historia na sayansi zimpe kila mwanafunzi wa uzamili makala moja ya kutetea kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya wageni wasiomjua na wasiomwogopa profesa wake.

Mwenye matusi mwacheni kwetu, huyo tunamweza. Wewe unayejua kwamba makala fulani ina kosa, na umeifunga ukatikisa kichwa, ndiye ninayekudai. Bonyeza hariri. Nikikutengua, njoo tugombane.