Mugonjwa wa kichwa si mwizi

Wandugu, mwenzetu mumoja alitoka posti ya usiku akiongea peke yake, akavua nguo barabarani. Siku tatu alikuwa hajalala. Polisi wakamupiga fimbo, wakamutia pingu, buloko! Bibi yake akauzisha sufuria apate feza za kumuona mume.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inakataza polisi kumuweka mutu ndani kupita saa 48, na inaomba afya yake ya mwili na ya akili ichungwe. Yeye alimaliza siku tano.

Na hapa Lubumbashi kuko Centre Joseph Guislain inayotunza wagonjwa wa namna hiyo. Sisi wa sendika tunaomba polisi waite kwanza jamaa na lopitalo ya kampuni. Kampuni nayo itoe motokari. Ni posti zake za usiku zilimuharibia usingizi.