Sasisho likivuruga kompyuta, 'kupiga Windows' si dawa ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA iliyofanya kazi vizuri jana jioni, asubuhi inachukua nusu saa kuwaka, printa haitambuliki, au skrini inabaki ya bluu. Mara nyingi hakuna aliyeigusa. Kilichobadilika ni kwamba usiku ilipokea masasisho ya programu.

Kwa kaya ya Njombe au Makambako inayohifadhi katika mashine hiyo hesabu za mbao, viazi na parachichi, alama za wanafunzi na picha za familia, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, hasara kubwa mara nyingi haitokani na sasisho lenyewe, bali na tiba inayofuata.

Tiba hiyo imezoeleka kwa jina la 'kupiga Windows', yaani diski hufutwa na mfumo ukapandishwa upya. Ni njia ya haraka, na kompyuta huwaka. Lakini kama mafaili hayakuhamishwa kwanza, mwenye mali hurudishiwa mashine nzima huku kazi yake ya miaka mingi ikiwa imepotea.

Lawama nazo huangushiwa 'virusi', wakati yapo makosa yaliyoanzia kwa mtengenezaji. Oktoba 2018, kampuni ya Microsoft ilisimamisha usambazaji wa toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kupoteza mafaili. Sasisho la Windows 11 lililotolewa Oktoba 14, 2025 lilizifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi katika sehemu ya ukarabati wa mfumo, mahali ambapo mtumiaji huzihitaji zaidi. Rekebisho lilitoka siku sita baadaye.

Mazingira ya nyumbani huongeza hatari. Umeme ukikatika wakati mafaili ya mfumo yanaandikwa, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo, na mfumo unaweza kubaki nusu wa zamani, nusu mpya. Aidha, anayetumia kifurushi cha simu huyaahirisha masasisho ili kuokoa fedha, kisha siku akipata intaneti ya uhakika huyapokea mengi kwa mkupuo.

Je, dawa ni kuyazima kabisa? Historia inakataa. Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la udhaifu mmoja wa Windows. Miezi miwili baadaye programu haribifu ya WannaCry ilipoenea duniani, ilipita katika udhaifu huohuo, na walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa na rekebisho hilo.

Kinachotakiwa, basi, ni utaratibu wa kutafuta chanzo kabla ya kuchukua hatua nzito.

Kwanza ni subira. Baada ya sasisho kubwa, kompyuta yaweza kuwa nzito kwa saa kadhaa ikimalizia kazi zake za ndani. Kuizima kwa nguvu wakati huo ni kulikuza tatizo.

Pili ni nafasi ya diski. Diski iliyojaa hukwamisha masasisho na kuilemaza mashine nzima, na kuondoa video zisizohitajika kunaweza kutosha.

Tatu ni kulinganisha tarehe. Windows huweka orodha ya masasisho na siku yalipoingia. Hitilafu ikiwa imeanza siku hiyohiyo, sasisho husika linaweza kuondolewa peke yake. Ikiwa kilichogoma ni printa au sauti tu, mshukiwa wa kwanza ni draiva, na ya zamani yaweza kurejeshwa.

Nne, kompyuta ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe sehemu ya ukarabati. Humo mtumiaji anaweza kuondoa sasisho la mwisho au kuurudisha mfumo katika hali ya siku za nyuma bila kugusa nyaraka zake. Kwa toleo jipya zima, muda wa kawaida wa kurudi nyuma ni siku 10.

Baadhi ya kompyuta hapo hudai ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Aliyesahau barua pepe iliyotumika kuisajili, na asiwe na nakala ya ufunguo, hana namna ya kuyafungua mafaili yake.

Yote yakishindikana, ndipo mfumo upandishwe upya, baada ya diski kuchomolewa na mafaili kunakiliwa katika kompyuta nyingine. Anayeibeba mashine yake kutoka Njombe kwenda kwa fundi Makambako, safari ya takriban kilomita 60, aseme mapema: mafaili kwanza, Windows baadaye.

Lipo pia suala la umri wa mashine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulipangiwa kuishia Oktoba 13, 2026. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mitumba ni za kabla ya hapo. Kuzilazimisha kupokea mfumo huo kunawezekana, lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho yajayo.

Kwa mnunuzi, hiyo ina maana kwamba bei ndogo dukani peke yake si kipimo. Aulize kwanza kizazi cha prosesa.

Na kwa aliye na kompyuta tayari, kinga ya kwanza ni diski ya nje au flashi yenye nakala ya nyaraka muhimu, ikiandaliwa kabla ya sasisho na kuwekwa mbali na mashine. Wahenga walisema akiba haiozi.