Mikuyu ya ibwami isigeuke makaa

Ngoma mbili zinazoheshimiwa kuliko zote pale Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, zinaitwa Ruciteme na Murimirwa. Ruciteme ni yule ambaye watu hufyeka msitu kwa ajili yake. Murimirwa ni yule anayelimiwa. Kwa majina hayo ufalme wa Burundi ulisema wenyewe jinsi ulivyojiona: kutawala ni kuurudisha msitu nyuma na kupanda mtama mahali pake. Leo, takriban miaka 60 tangu ufalme ufutwe Novemba 1966, mambo yamegeuka. Nyumba za wafalme zimeoza, walinzi wamekufa, na kinachoonyesha kwamba kilima fulani kiliwahi kuwa ibwami, yaani makazi ya mfalme, ni vichaka vya mikuyu mikongwe iliyosimama katikati ya mashamba ya maharagwe na migomba. Warundi wanaviita ibigabiro. Nashikilia kwamba vichaka hivyo ni nyaraka za taifa sawa na karatasi yoyote iliyomo makabatini mwa serikali, na kwamba vinapaswa kuandikwa na kulindwa kisheria kimoja kimoja, kabla wapima viwanja na wachoma makaa hawajavimaliza.

Ili kuelewa kwa nini miti imebaki na nyumba zimetoweka, tuiache kwanza picha ya ikulu tuliyoizoea, jengo la mawe lenye geti na bendera. Ibwami ilikuwa rugo, yaani nyumba zilizozungushiwa ua, tena rugo nyingi. Mfalme alikuwa na makazi kadhaa yaliyotawanyika, mengine juu ya ardhi yake mwenyewe iliyoitwa icibare, kila moja na watumishi wake, wafugaji wake na wapiga ngoma wake, naye akihama kutoka moja hadi jingine kwa kufuata mavuno, malisho, ibada na siasa. Nyumba zilikuwa za msonge, za miti, matete na nyasi. Paa la nyasi likikosa mtu wa kuliezeka upya, masika machache yanatosha kulilaza chini. Ua lakini ulikuwa jambo jingine. Vigingi vyake vilikatwa kutoka miti inayochipua, hasa umuvumu, ndugu wa mkuyu, ambao magome yake yalipondwa kuwa nguo, na umurinzi, mti wa maua mekundu ambao jina lake lenyewe ni mlinzi. Kigingi cha umuvumu kikichomekwa ardhini mvua ikakikuta, kinatoa majani. Mwenye rugo akifa au akihama, nyumba inarudi udongoni, ua unaendelea kukua. Kwa hiyo tukisema msitu umemeza makazi ya wafalme tunakosea kidogo: msitu huo ndio makazi yenyewe, yaliyobaki bila watu. Mtu anayejua kusoma anaweza kuufuata mzunguko wa ua kwa kuangalia mistari ya mashina.

Wala isidhaniwe kwamba kuhamahama huko kwa mfalme kulikuwa dalili ya uchanga. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe wa jeshi la Wajerumani alipomwandama mfalme Mwezi Gisabo, hakukuta mji mkuu wa kuuzingira na kuuteka. Gisabo alikubali hatimaye ubwana wa Wajerumani kwa Mkataba wa Kiganda, Juni mwaka huo, lakini alibaki kwenye kiti chake hadi alipofariki mwaka 1908. Wajerumani walikuwa watu wa boma. Mwaka 1912 wakaichagua Gitega kuwa kituo kikuu cha utawala wao, na tangu hapo, katika vitabu vingi vya wageni, historia ya Gitega inaanzia 1912. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tukikubali kwamba historia huanza pale tofali la kwanza lilipolazwa, tumekubali bila kusema kwamba historia yetu ilianzishwa na aliyekuja na tofali. Karne zote za nyuma zinageuka kuwa hekaya za jioni. Miti hii ndiyo ushahidi, unaoshikika kwa mkono, kwamba vilima vinavyoizunguka Gitega vilikuwa na serikali, na ibada ya kila mwaka ya umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, na mgawanyo wa kazi kati ya koo, muda mrefu kabla ya 1912. Jumba la makumbusho la Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955, lilifanya vizuri kukusanya vyombo vya ibwami na kuvitia ndani. Mahali vilipotoka vyombo hivyo paliachwa nje, penye mvua na mashoka.

Gishora yenyewe inathibitisha hoja hii, ingawa watalii wengi huondoka pale na fundisho la kinyume. Inasimuliwa kuwa Mwezi Gisabo alipajenga baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa, katika karne ya 19. Burundi iliitia kwenye orodha yake ya mapendekezo ya UNESCO mwaka 2007, na mwaka 2014 ngoma ya kifalme ikaingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mgeni akifika hupiga picha nyumba ya nyasi. Lakini ile nyumba ndiyo kitu kipya kuliko vyote mahali pale, kwa sababu nyasi hubadilishwa. Vya kale ni eneo, miti, ngoma, na ukoo wa batimbo, wapiga ngoma, uliokabidhiwa kuzilinda. Gishora ilinusurika kwa kuwa watu wake hawakuondoka. Vilima vingine havikuwa na bahati hiyo, na huko mti umebaki shahidi peke yake. Tena tukumbuke ngoma hutoka wapi: huchongwa katika umuvugangoma, ambao Watanzania wanaujua kwa jina la mringaringa, na Kirundi kimeupa jina la mti unaoipa ngoma sauti. Mwaka 2017 serikali ilipata nafasi ya kuandika amri inayoeleza nani apige ngoma, katika sherehe gani, na kwa ada ya faranga 500,000. Umuvugangoma hauoti kwa amri.

Tukielekea Muyinga hadithi inabadilika, na kwangu inakuwa nzito zaidi. Kaskazini mashariki ya nchi, eneo la kale la Bweru, amri ya Gisabo haikufika sana. Waliotamba huko walikuwa Batare, wazao wa mfalme Ntare Rugamba. Lakini mahame makubwa kuliko yote ya upande ule hayakuachwa na wafalme wala baganwa, watu wa damu ya kifalme. Yaliachwa na wakulima. Kwa amri ya Machi 1980 iliyounda hifadhi za taifa, bonde la mto Ruvubu likawa mbuga kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya hekta 50,000, kuanzia Karusi kupitia Muyinga hadi Cankuzo na Ruyigi. Familia zilizokuwa ndani ya mipaka hiyo zilihamishwa. Palipokuwa na rugo zao leo nyati wanalala, na vichaka vya mto vimefunga njia. Mgeni anayeambiwa kwamba anaingia katika pori ambalo halijaguswa anadanganywa, pengine bila aliyemwambia kujua. Kirundi kina neno itongo, shamba la ukoo lenye alama za waliotangulia, na Kiswahili kina mahame na maganjo. Lugha mbili zenye utajiri huo wa maneno kwa mahali palipoachwa hazina kisingizio cha kunyamaza. Na kwa kuwa mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 umeitia Karusi ndani ya Gitega, na Muyinga, Cankuzo na Ruyigi ndani ya Buhumuza, mbuga hii sasa ni mali ya mikoa miwili, na kila mmoja unaweza kuuachia mwenzake kazi ya kuikumbuka.

Wenzetu wa pwani wametutangulia. Karibu na Malindi, mji wa mawe wa Gede ulihamwa katika karne ya 17 ukafunikwa na msitu hadi James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948. UNESCO iliuandika urithi wa dunia mwaka 2024. Gede lakini ina kuta. Mfano unaotufaa zaidi ni kaya za Wamijikenda, vijiji vyenye ngome vilivyoachwa taratibu hadi miaka ya 1940, vikageuka misitu mitakatifu chini ya wazee wa kaya. Kenya ilianza kuzitangaza rasmi kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 zikaingia katika urithi wa dunia. Hakuna aliyedai kwanza aonyeshwe jengo. Ilikubaliwa kwamba msitu wenye jina, wenye mipaka inayojulikana na wenye miiko yake ni ushahidi wa kutosha kuwa watu waliishi pale. Burundi ina kitu kilekile na hata neno lake, intatemwa, yaani isiyokatwa, linalotumika kwa vichaka vitakatifu, vikiwemo vile vya makaburi ya wafalme kule Mugamba. Mwiko ulifanya kazi ya sheria kwa karne kadhaa. Sasa mwiko umelegea, na sheria haijashika nafasi yake.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa, na silidharau. Warundi zaidi ya milioni 12 wanaishi katika kilomita za mraba 27,834, na wengi wao ni wakulima. Mzazi mwenye watoto sita na shamba la kurithisha lisilotosha wawili ana haki ya kuuliza kwa nini mti wa marehemu mfalme upewe nafasi ambayo mwanawe hana. Jibu langu ni la kipimo. Ikigabiro kimoja si mbuga. Mara nyingi ni kichaka cha mashina machache juu ya mgongo wa kilima, na hata tukivijumlisha vyote havitaondoa njaa ya ardhi katika komini moja. Kinachokula ardhi karibu na Gitega tangu uamuzi wa kuifanya mji mkuu wa kisiasa, mwaka 2019, ni viwanja vya majumba na tanuri za matofali, na faida yake haimfikii yule mzazi wa watoto sita. Aidha, mti mmoja mkongwe uliogeuzwa makaa unapikia wiki chache tu, kisha hakuna mtu wala mvua itakayourudisha. Wapo wanaosema tupande mipya, na mpango wa Ewe Burundi Urambaye umekwisha kupanda mingi. Ni kazi njema. Hata hivyo, mkaratusi wa miaka mitano hauwezi kutoa ushahidi kuhusu jambo lililotokea kabla haujaota.

Wengine watasema kwa sauti ya chini kwamba kulinda ibwami ni kufufua ufalme, na nyuma ya ufalme kufufua maswali ya nani alimtawala nani. Hofu hii inaeleweka katika nchi iliyopitia mauaji ya 1972 na 1993. Lakini tazama ni nani waliokuwa walinzi. Batimbo wa Gishora na wale waliotunza makaburi ya wafalme walitoka kwa sehemu kubwa katika koo za Wahutu, na utawala haukuweza kufanya ibada yake kuu bila wao. Anayefuta ibigabiro hawafuti wafalme, ambao majina yao yamo vitabuni. Anawafuta hao waliojenga ua, walioupanda na kuulinda, ambao hawana kumbukumbu nyingine. Hoja hiyohiyo naipeleka Ruvubu. Inasemwa kwamba kuyataja matongo yaliyomo mbugani kutaamsha madai ya ardhi. Waliohamishwa hawangojei kibao kiwakumbushe walikotoka. Kuandika kwamba hapa palikuwa na kilima chenye jina fulani si hati ya kurudi, na mbuga inaweza kubaki mbuga. Ni uvumi unaostawi pale serikali inaponyamaza.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la wanahistoria: mkuyu si muhuri wa mfalme. Umuvumu ulipandwa pia na watu wa kawaida, ulitumika kama mpaka, na kila kilima kingependa kuwa na mfalme wake. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kuharakisha. Ili kutofautisha ikigabiro na mkuyu wa mpakani unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mpangilio wa miti, vipande vya vyungu na vyuma vilivyomo udongoni, na simulizi la wazee, likilinganishwa kilima kwa kilima. Udongo utangoja. Wazee hawangoji, na miongo ya ukimbizi imewatenga wengi na vilima walivyovijua.

Hakuna haja ya chombo kipya chenye magari na warsha. Sheria ya kulinda urithi wa utamaduni ipo tangu 1983. Sheria ya ardhi ya 2011 imezipa komini ofisi za kupima na kutoa vyeti, na maofisa wake wanafika hadi kwenye kichaka chenyewe, wakiwa na mashahidi na bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, jambo ambalo hakuna mtafiti wa Bujumbura anayelimudu. Kabla hawajapiga kigingi, waulize jina la mahali na nani aliishi hapo, jibu liandikwe ndani ya faili, na palipo na ikigabiro cheti cha mtu binafsi kisitolewe juu yake mpaka wizara ya utamaduni iwe imetuma mtu. Huko Ruvubu, ofisi ya mazingira ipitie majina ya vilima vya zamani pamoja na waliovihama na iyatie kwenye ramani za mbuga. Na wewe msomaji wa Gitega au Muyinga, ukiletewa gunia la makaa mazito ya mti wa kale, muulize muuzaji limetoka kilima gani.