Fuko si kipofu: acha sumu, tega njia yake

Mvua zikianza na udongo ukilainika, wenye viazi vitamu na mihogo huku milimani, kuanzia Chome hadi Mbaga, huanza kuniulizia sumu ya fuko. Msimamo wangu ni huu: sumu ni hasara, na mtego ni bora. Sababu mojawapo ni macho ya fuko mwenyewe.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba fuko ni kipofu. Huko Mashariki ya Kati kuna jamii ya fuko ambao macho yao yamefunikwa kabisa na ngozi. Hao sawa, waite vipofu. Fuko wa kwetu Afrika ana macho madogo sana, lakini yanafanya kazi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha majaribio ya aina mbili za fuko, mmoja wao fuko wa rangi ya fedha anayepatikana pia Tanzania. Walipewa kuchagua kati ya upande wenye mwanga na upande wenye giza. Kwa mwanga mweupe, wa buluu na wa kijani-manjano walikimbilia gizani. Mwanga mwekundu hawakuujali.

Je, mnyama anayeishi gizani mwanga wa nini? Maelezo ya watafiti ni kwamba unamjulisha kuwa njia yake imetobolewa. Tundu likiwa wazi, adui kama nyoka anaweza kuingia, kwa hiyo fuko huja kuliziba kwa udongo. Hapo ndipo utampata.

Sasa fikiria sumu. Fuko anakula mizizi na viazi chini ya ardhi, haji juu kuokota punje za mahindi. Punje zenye sumu ulizomwaga shambani zitaokotwa na kuku wako. Panya wa kawaida akizila, paka au bundi atamla panya huyo, na bundi ndiye anayekusaidia kupunguza panya bila malipo. Umetoa pesa, umeua wasaidizi wako, na fuko bado anakula mihogo.

Fanya hivi:

1. Tafuta kirundo cha udongo mbichi, wenye unyevu. Kirundo kikavu ni cha zamani.

2. Chimba taratibu pembeni mwa kirundo mpaka uione njia. Toa udongo uliodondokea ndani.

3. Weka tanzi ndani ya njia, lilingane na ukuta wake, ulifunge kwenye fimbo iliyopindwa. Liweke ndani kidogo, si mdomoni, maana fuko huja akisukuma udongo.

4. Acha tundu wazi. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafunika kwa majani ili "asione". Ukifunika, umeondoa kile kinachomwita.

5. Kagua asubuhi na jioni. Ukikuta njia imezibwa bila fuko kunaswa, fungua na utege upya.

Mtego unataka uvumilivu, hilo sikatai. Shamba kubwa lina kazi zaidi, kwa hiyo tegeni pamoja na majirani, maana fuko hajui mpaka wa shamba. Lakini fimbo na kamba unazo nyumbani, na kuku wako watabaki hai.