Lamu Haisomeki Bila Mwenyeji
Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni mji wa kutembea kwa miguu, kwani vichochoro vyake havipitishi gari na mizigo hubebwa na punda. Lakini miguu peke yake haitoshi. Mgeni asiye na mwenyeji ataiona ngome iliyokamilika mwaka 1821, atapiga picha milango ya nakshi, kisha atarudi alikofikia akidhani ameuona mji. Mwongozaji mzaliwa wa mtaa atamsimamisha kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na kumweleza kuwa hapo ndipo mwenye nyumba alipowapokea wageni bila kuvuruga sitara ya ndani. Atamwonyesha wikio, chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Atamfafanulia kwa nini vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari ndio ulioamua upana. Atamfikisha Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh, na kumfunza adabu ya kufika mahali pa ibada. Maarifa haya yamo vifuani mwa watu, na asiyelipwa kwa ujuzi wake hutafuta riziki kwingine. Nasi wenyeji wa Afrika Mashariki tuache kudhani kuwa mwongozaji ni wa watalii wa ng'ambo tu. Ukifika Lamu, tafuta mwenyeji, mpatane malipo mapema, mlipe kwa haki, na umsikilize.