Masizi Si Kiungo

Ipo kauli moja inayorudiwa sana na watu wanaobanika samaki na nyama majumbani hapa Dodoma, nayo ni kwamba pipa la moshi halisafishwi. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa sauti ya mtu anayelinda mila: masizi yale ndiyo ladha yenyewe, ukiyaondoa samaki wako atatoka kama amechemshwa. Nimeisikia kwa mafundi wanaokata mapipa, nimeisikia kwa wauzaji sokoni, na nimeisikia kwa wasomi wenye shahada zao wanaobanika kuku nyuma ya nyumba siku za Jumapili. Umefika wakati wa kuikataa waziwazi. Ni uvivu uliovikwa joho la utaalamu, na wanaoulipia ni wale wasioulizwa, yaani mama anayeinama kwenye moshi na mtoto anayelishwa kitoweo hicho.

Hebu tazama, ndugu msomaji, tunavyoitendea sufuria. Ikipika ugali mara moja tu, husuguliwa kwa majivu na mchanga ndani na nje mpaka ing'ae. Binti akiirudisha mekoni na ukoko wa jana ataambiwa hakufunzwa. Lakini pipa ambalo samaki hukaa ndani yake saa sita au saa nane, wakitoneshwa na kila kilichoshika kwenye kuta na kifuniko, huachwa mwaka mzima bila kuguswa, na mwenye nyumba hujivunia weusi wake mbele ya wageni. Vyote viwili ni vyombo vya kupikia. Kwa nini kimoja kiwe na adabu na kingine kisiwe nayo?

Jambo hili si dogo kwetu sisi wa nyanda za kati. Hatuna bahari wala ziwa kubwa. Samaki wetu wengi wa karibu hutoka katika Bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kwa ajili ya umeme. Maji yaliyokusudiwa mitambo yametupatia pia perege na kambale. Katika nchi ya jua kali namna hii samaki mbichi hadumu, na barafu haimfikii kila mtu, kwa hiyo moshi umekuwa ndiyo akiba yetu. Mimi sigombani na moshi. Nagombana na uchafu unaobaki baada ya moshi kuondoka.

Uchafu huo hutoka wapi? Kuni kavu zenye hewa ya kutosha huungua vizuri, zikatoa joto na moshi mwepesi. Kuni mbichi, au moto uliozibwa hewa kwa makusudi ili moshi uwe mwingi, haziungui zikaisha. Moshi wake mzito hupanda umebeba mvuke wa lami, na ukigusa bati lisilo na joto hugeuka matone, kama mvuke wa chungu unavyogeuka maji kwenye kifuniko. Matone hayo huchanganyika na mafuta ya samaki na kujengeka tabaka juu ya tabaka, mpaka pipa likavaa ngozi nyeusi inayong'aa na kunata. Siku moto unapokolea, ngozi hiyo hulainika na kudondokea chakula, au hubanduka vipande vipande. Tena yenyewe ni kuni: ikishika moto, samaki wote huteketea na nyasi za paa la jirani huwa hatarini.

Hiyo ndiyo inayoitwa ladha! Kwa hakika ladha ya samaki wa kubanikwa huletwa na moshi wa siku ile ile, unaotoka katika kuni nzuri kama za mgunga mkavu. Lami ya miezi iliyopita huongeza uchungu, ule unaobaki kooni baada ya kumeza, ambao watu wameuzoea hata wakadhani ndio moshi.

Na kuna la kutisha kuliko uchungu. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani iliyowapata wasafishaji wa dohani, watu walioingizwa katika kazi hiyo tangu utotoni, na akaihusisha na masizi yaliyoganda katika ngozi zao. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walitangaza kwamba walipaka lami ya makaa ya mawe katika masikio ya sungura, mara nyingi na kwa muda mrefu, hadi saratani ikatokea. Mwaka 1933 wataalamu huko London walifaulu kuitenga katika lami hiyo sumu iitwayo benzopireni. Sumu hiyo hiyo hupatikana katika moshi wa kuni, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu ambavyo ni hakika husababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopireni katika kilo moja ya samaki wa moshi, ambapo kabla ya hapo kiwango kilikuwa mikrogramu 5. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Wenzetu wanahesabu uchafu kwa kipimo hicho, na sisi tunauita kiungo!

Sisemi kwamba sumu yote imo katika masizi ya zamani. Moshi mpya unayo yake, na mafuta yanayodondokea makaa huongeza. Lakini hilo haliwi sababu ya kujiongezea ile ya jana na ya juzi.

Watetezi wa masizi hukimbilia kwa wazee. Husema babu zetu waliishi katika tembe zilizojaa moshi na hawakusafisha kitu. Ni kweli kwamba masuke ya mtama na uwele yalitundikwa juu ya meko, yakaiva kwa masizi, na wadudu wakayakimbia. Lakini masuke yale yalikuwa mbegu, yakingoja mvua yapandwe, hayakuwa chakula cha jioni. Tukitaka kujifunza kwa wafugaji wa nyanda hizi, tuwatazame akina mama wa Kimasai wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Mama huchukua kijiti chenye kaa la moto, hukisugulia ndani ya kibuyu, kisha hukung'uta na kupiga brashi mpaka majivu na vipande vya mkaa vitoke, ndipo maziwa humiminwa. Safari nyingine huanza upya. Hakuna amwagaye maziwa juu ya masizi ya mwaka jana. Basi mila haiko upande wa wavivu.

Wapo watakaoniambia kwamba pipa likisafishwa hushika kutu. Hapo wana sehemu ya haki. Utando mwembamba, mkavu, mweusi usiochafua kidole, ulioshikamana na chuma, hulinda pipa na haudhuru; uacheni. Kinachopaswa kuondoka ni kile kinachonata, kinachong'aa, kinachodondoka au kubanduka. Pitisha kidole, nawe utajua.

Wengine watasema Dodoma hakuna maji. Ni kweli pia, mvua yetu kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Lakini kazi hii karibu yote ni kavu. Baada ya kila safari, pipa likiwa bado na uvuguvugu, kwangua kuta na kifuniko kwa kipande cha bati au panga butu, kisha sugua kwa magunzi ya mahindi, majivu na mchanga. Nyavu za waya zilaze usiku kucha katika karai la plastiki lenye maji ya moto na magadi. Majivu na magadi yote huvunja mafuta, kama bibi zetu walivyojua bila kusoma kemia. Usitumbukize humo chombo cha alumini, kitaliwa. Ukitumia brashi ya waya, kagua usiache unywele wa chuma ukaingia katika samaki. Mafuta ya taa na petroli visikaribie kabisa. Funga kitambaa puani, nawa mikono vizuri, na yale makwaruzo yafukie mbali na bustani ya mchicha. Mwisho kausha, paka mafuta ya kupikia kidogo sana, washa moto mkali kwa muda mfupi, basi. Maji yote hayazidi ndoo moja.

Na kwa kuwa kinga ni bora, tuchague kuni. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ujenzi umeenea kila mtaa na mabaki ya mbao yamekuwa kuni za bure. Baadhi yake yana rangi, mengine yametiwa dawa ya mchwa. Hayo si ya chakula. Pipa nalo liulizwe lilibeba nini kabla halijafika kwako.

Mwaka 2024 Taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini gesi inachemsha maharage, haimpi perege harufu ya moshi. Mabomba na mitungi ikienea kote, pipa litabaki nyuma ya nyumba, na hakuna mkakati utakaokuja kulikwangua.

Kwa hiyo nasema na watu watatu. Fundi, tengeneza pipa lenye mlango ambao mkono wa mtu mzima unapita mpaka chini, na nyavu zinazotoka, maana pipa lisilofunguka halisafishiki. Mnunuzi wa sokoni, kataa samaki mwenye matone meusi yanayong'aa mgongoni, hata ukiambiwa ndiye mtamu. Nawe bwana unayejivunia pipa lako, usimwite mama watoto wala msichana wa kazi. Wewe ndiye uliyelinunua na wewe ndiye unayelisifia, basi shika bati ulikwangue.